Mawe ya Mpaka: Mambo ya Kutazama Kabla Plani ya Ardhi Haijatiwa Sahihi

Maneno haya yanaambiwa watu wa vijiji vya pande za Likasi na Kambove



Leo hatutasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Tutasema juu ya udongo wenyewe, maana mtu aweza kupanda mahindi mazuri kwa mistari, kupalilia mara tatu, na kuvuna magunia mengi, kisha mwaka unaofuata akaambiwa: "Toka hapa, shamba hili si lako, karatasi inasema hivyo." Hapo jembe halina nguvu tena. Karatasi imelishinda.

Karatasi hiyo inatoka wapi? Inatoka katika kupima ardhi. Mpimaji amekuja, amepita na vyombo vyake, ameweka mawe pembeni, ameandika katika daftari, amerudi mjini, amechora plani. Mkubwa wake katika ofisi ya kadasta ataitazama plani hiyo, naye akiona ni sawa atatia sahihi. Tangu siku ile plani inakuwa na nguvu ya sheria. Kati ya siku ya kupima na siku ya sahihi kuna muda, pengine juma moja, pengine miezi. Muda huo ndio wenu. Kosa linaloonekana katika muda huo linasahihishwa kwa kalamu. Kosa linaloonekana baadaye linasahihishwa kwa kesi, na kesi hula mbuzi, hula mahindi, hula hata shamba lenyewe.

Tazameni sheria inavyosema. Sheria ya ardhi ya nchi hii ilitolewa tarehe 20 Julai 1973, nayo ilibadilishwa mahali pengine tarehe 18 Julai 1980. Imeandika kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa, ambacho watu wengi huita sertifika. Tena imeandika kwamba miaka 2 ikipita tangu cheti kufanywa, haki ya mwenye cheti haivunjwi tena. Aliyenyang'anywa aweza kudai fidia ya fedha, lakini ardhi haimrudii. Basi mwaona: anayelala miaka 2 anaamka bila shamba. Sheria huweza kuguswa tena na Baraza la kutunga sheria, kwa hiyo mkifika ofisini ulizeni kwanza maandiko ya sasa. Lakini hekima ya kutazama kabla ya sahihi haibadiliki.

I. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA HUKU KWETU

Nchi yetu ni nchi ya shaba, na nchi ya shaba imepimwa zamani. Mwaka 1900 iliundwa Kamati ya Pekee ya Katanga, ambayo kwa Kifaransa huandikwa Comité Spécial du Katanga, nayo ilipewa kazi ya kutawala ardhi na madini ya Katanga. Mwaka 1906 likaundwa shirika la Union Minière du Haut-Katanga. Mji wa Likasi uliitwa Jadotville tangu 1931, ukarudishiwa jina lake mwaka 1966. Kiwanda, reli, nguzo za umeme, nyumba za wafanyakazi, vyote viliwekwa juu ya plani. Hakuna reli inayojengwa bila kupima.

Lakini mashamba ya wazee hayakuchorwa. Tangu agizo la tarehe 1 Julai 1885, ardhi iliyoonekana kuwa tupu ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Na tupu kwa nani? Kwa macho ya mtu aliyepita mara moja. Shamba lililopumzishwa miaka mitano ili udongo upate nguvu, kwa macho ya mgeni ni pori tu. Dembo ambalo watu hulima mboga wakati wa kiangazi, kwa macho ya mgeni aliyekuja wakati wa mvua ni maji tu. Mgeni yule hakusema uongo. Aliandika alichoona. Lakini alichoona hakikuwa ukweli wote, na hakuna mtu wa kijiji aliyesimama kando yake kumwambia.

Siku hizi mambo haya hayajaisha. Mwenye fedha wa mjini ataka shamba la hektari 50. Kanisa lataka mahali pa shule. Kampuni ya madini yataka mahali pa kutupa udongo wake. Jamaa yenu mwenyewe ataka kuandikisha parseli ya baba yake. Wote watamleta mpimaji. Wapimaji wengi ni watu wa kazi njema. Lakini hata mpimaji mwema hawezi kujua kaburi la babu yenu liko wapi, ikiwa ninyi mmekaa nyumbani.

II. MASWALI MATATU

Kutazama kazi ya mpimaji si kumshuka mtu. Yeye mwenyewe, kama amefundishwa vizuri, hupima mara mbili. Na mkubwa wake hutia sahihi baada ya kutazama hesabu. Lakini mkubwa hukaa ofisini na karatasi tu, mawe hayaoni. Ninyi mwayaona mawe. Basi kazi ya kutazama ina mikono miwili, mmoja wa ofisi na mmoja wa kijiji.

Shikeni maswali matatu, kwa utaratibu huu:

La kwanza: Je, huu ndio mpaka wenyewe?
La pili: Je, vipimo vya mpaka huu ni sawa?
La tatu: Je, karatasi inasema yale yaliyopimwa na yaliyoonekana?

Msiyachanganye. Mtu aweza kupima vizuri sana mpaka usio wenyewe. Mtu aweza kuwa na mpaka wa kweli, akaupima vibaya. Na mtu aweza kupima vizuri, kisha karani akaandika vibaya. Kila kosa lina dawa yake.

III. SWALI LA KWANZA: JE, HUU NDIO MPAKA?

Jibu la swali hili haliko katika chombo cha mpimaji. Liko katika miguu yenu na katika kumbukumbu ya wazee.

Siku ya kupima isiwe siku ya watu wawili tu. Awepo anayeomba ardhi, awepo chifu au kilolo aliyetumwa naye, wawepo majirani wa pande zote nne, wawepo wazee, na wawepo wanawake wanaolima hapo. Nasema wanawake kwa sababu: mara nyingi mume yuko mgodini au mjini, na mke ndiye anayejua mstari wa mihogo yake unaishia kwenye kichuguu gani. Mkimwacha nyumbani mmeacha shahidi mkubwa.

Tembeeni mpaka wote kwa miguu, kuanzia jiwe la kwanza mpaka kurudi kwenye jiwe la kwanza. Kila pembe simameni. Jirani aulizwe mbele ya wote: "Ni hapa?" Akisema ndiyo, iandikwe. Akisema hapana, iandikwe pia, tena iandikwe anaonyesha wapi.

Angalieni alama zinazotumiwa. Mti mkubwa wa mubanga ni alama nzuri, lakini wachoma makala huukata. Njia ni alama mbaya, maana njia huhama. Ukingo wa maji ni alama mbaya zaidi. Dembo hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Na wengine wenu mwajua habari ya mto Lufira, ulivyozuiwa kwa ukuta huko Mwadingusha kwa ajili ya umeme, kituo cha umeme kikaanza kufanya kazi mwaka 1930, na maji yakawa ziwa juu ya nchi iliyokuwa kavu. Mwenye mpaka "kwenye ukingo wa mto" ana mpaka unaotembea. Kwa hiyo kila jiwe lipimwe kutoka vitu viwili au vitatu visivyohama: hatua ngapi mpaka kichuguu kikubwa, mita ngapi mpaka mwamba, mita ngapi mpaka pembe ya shule. Jiwe likipotea, litapatikana tena.

Tena kuna orodha. Sheria ile ya 1973 imeagiza kwamba ardhi ya vijijini isitolewe kabla ya uchunguzi wa mahali penyewe. Uchunguzi huo hufanywa na mkubwa wa teritware au mtu aliyetumwa naye. Atahakikisha mipaka ya ardhi inayoombwa, ataandika watu wanaokaa au kufanya kazi hapo, ataeleza vilivyomo, kama misitu, maji na njia, na atasikiliza maneno ya wenye kudai. Ombeni msomewe orodha hiyo kwa sauti, kwa lugha mnayoijua. Sikilizeni kama majina haya yamo:

- wajane na yatima wenye mashamba;
- watu waliokwenda kazini migodini lakini wana mashamba nyumbani;
- mashamba yaliyopumzishwa, na jina la mwenye kila shamba;
- visima, mahali pa kuteka maji, na njia ya kufikia maji;
- makaburi na mahali pa heshima ya wazee;
- miti ya matunda na mahali pa kuokota uyoga na viwavi.

Neno lisilomo katika orodha, mbele ya ofisi ni kama halikuwapo duniani. Na siku ya kulipa fidia, orodha hii ndiyo itakayofunguliwa.

IV. SWALI LA PILI: JE, VIPIMO NI SAWA?

Hapa watu wengi huogopa. Husema: "Mimi sikusoma, hesabu ni za wasomi." Si kweli. Mtu ajuaye kugawa magunia anaweza kutazama vipimo. Mkiwa na kijana mmoja aliyesoma darasa la sita, inatosha.

Neno la kwanza: hektari. Hektari 1 ni shamba la mita 100 kwa mita 100, yaani mita za mraba 10,000. Sasa tuseme shamba lina urefu wa mita 200 na upana wa mita 150. Mara 200 kwa 150 ni 30,000. Basi ni hektari 3. Karatasi ikisema hektari 13 au hektari 0.3, kalamu imeteleza, au imetelezeshwa.

Neno la pili: pembe mraba. Shamba linaloitwa la pembe nne sawa pengine limepinda kama mlango uliolegea. Pande zake zote zaweza kuwa na urefu ulioandikwa, na bado eneo limepungua. Dawa ni kupima kutoka pembe hadi pembe ya mbali, kukatisha katikati. Shamba letu la mita 200 kwa 150, likiwa na pembe sawa, kipimo cha kukatisha ni mita 250, na upande wa pili vilevile 250. Kimoja kikiwa 240 na kingine 260, shamba limepinda. Seremala wenu anajua jambo hili: hufunga kamba yenye mafundo, mita 3, mita 4, na mita 5, naye hupata pembe iliyo sawa. Kipimo cha kukatisha kina faida nyingine. Kinagawa shamba kuwa pembetatu mbili, na hivyo mwaweza kuhesabu eneo kwa njia ya pili. Chukueni mstari wa kukatisha, mita 250. Pimeni kutoka pembe iliyobaki mpaka mstari huo kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Mtapata mita 120. Mara 250 kwa 120, gawanyeni kwa 2, ni 15,000. Pembetatu mbili ni 30,000. Njia mbili zimekutana mahali pamoja. Sasa mwaweza kuamini.

Neno la tatu: kufunga. Mpimaji akianza jiwe la kwanza na kuzunguka shamba lote, vipimo vyake lazima vimrudishe kwenye jiwe la kwanza. Kama mtu aliyekwenda mita 200 kaskazini, 150 mashariki, 200 kusini, na 150 magharibi. Yuko tena alipoanza. Hesabu zikimpeleka mahali pengine, tofauti hiyo ni kosa la kufunga. Hakuna mpimaji asiye na tofauti kidogo. Akizunguka mita 700 na kukosa kwa sentimita 10, amefanya kazi nzuri. Akikosa kwa mita 7, yaani mita 1 katika kila 100, kuna kosa mahali fulani, naye arudi kupima. Mwulizeni kwa heshima: "Bwana, kazi yako imefunga kwa kiasi gani? Na sheria ya ofisi yako inaruhusu kiasi gani?" Mpimaji mzuri atafurahi kuulizwa hivyo, na jibu analo katika daftari. Pembe nazo zina hesabu yake: shamba la pembe nne, jumla ya pembe za ndani ni digrii 360, la pembe tano ni 540, la pembe sita ni 720.

Lakini angalieni hapa, maana ndipo watu wengi hudanganyika. Mpimaji mvivu aweza kuchukua zile mita 7 akazigawa kidogo kidogo katika pande zote mpaka plani ifunge vizuri. Karatasi imefunga, ardhi haikufunga. Ndiyo sababu ni vizuri kuomba kuona vipimo vya daftari la porini, si plani safi peke yake.

Neno la nne: utepe wenye ugonjwa. Kuna kosa ambalo kufunga hakulionyeshi kabisa. Tuseme utepe wa mita 50 umekatika mwanzoni, mita 1 imepotea, na mtu anaendelea kuutumia. Kila akisoma 50, kwa kweli ni 49. Anaposema 200, kwa kweli ni 196. Anaposema 150, kwa kweli ni 147. Pande zote zimepungua kwa namna moja, kwa hiyo hesabu zinafunga bila doa. Lakini mara 196 kwa 147 ni 28,812. Mmepoteza mita za mraba 1,188, karibu sehemu ya nane ya hektari, na karatasi inang'aa. Dawa yake ni kupima angalau upande mmoja kwa chombo kingine. Chukueni waya wa mita 50 uliopimwa vizuri. Waya ni bora kuliko kamba, maana kamba huvutika na mvua huifupisha.

Neno la tano: mlima. Plani hupima ardhi kana kwamba iko tambarare kama meza. Mkivuta utepe juu ya mteremko mtapata urefu mkubwa kuliko wa plani, na hapo si wizi. Mteremko wa digrii 10, mita 100 juu ya udongo ni karibu mita 98 na nusu katika plani. Mteremko wa digrii 20, ni karibu mita 94. Kwa hiyo vilima vyetu vya madini vikiwa ndani ya shamba, msikimbilie kumshitaki mtu. Pimeni kwa kuulaza utepe sawa, mkishuka ngazi kwa ngazi, kisha linganisheni.

Neno la sita: dira na mashine. Dira huvutwa na chuma. Karibu na reli, karibu na mashine, karibu na gari, haisemi kweli. Siku hizi wapimaji wengi hutumia mashine ya GPS inayosikiliza setilaiti. Ni chombo kizuri, lakini kuna namna mbili. Ile kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, ikitumiwa vizuri, hukosa kwa sentimita chache. Ile ndogo ya mkononi, au simu, hukosa kwa mita kadhaa, na chini ya miti zaidi. Kwa shamba la hektari 50 mita 5 si kitu kikubwa. Kwa parseli ya mita 20 kwa 25, mita 5 ni jikoni mwa jirani. Ulizeni ni chombo gani kilichotumiwa.

V. SWALI LA TATU: JE, KARATASI INASEMA KWELI?

Sasa plani imekuja. Iwekeni chini, juu ya mkeka, igeuzeni mpaka mshale wa kaskazini uelekee kaskazini. Kisha tazameni haya:

Hesabuni mawe. Plani ina mawe 6, porini mwaona 5? Jiwe moja ni la karatasi tu. Linatafutwa.

Someni majina ya majirani katika kila upande. Upande ambao plani imeandika "ardhi ya Serikali" na ninyi mnajua ni mashamba ya ukoo fulani, hapo pana kosa kubwa, hata kama vipimo vyote ni sawa. Neno hilo moja laweza kesho kuwa sababu ya kumpa mtu mwingine upande ule.

Linganisheni namba. Mahali pa jiwe huandikwa kwa digrii, dakika na sekunde, au kwa mita. Sekunde 1 kutoka kaskazini kwenda kusini ni karibu mita 31 juu ya ardhi. Dakika 1 ni karibu kilometa 2. Karani akiandika sekunde 37 mahali pa 27, shamba limehama zaidi ya mita 300, limekwenda kukaa juu ya kijiji kingine. Umbo lake ni lilelile, eneo ni lilelile, hakuna atakayeliona kosa kwa kutazama plani peke yake. Dawa: kijana aende na mashine au simu, asimame juu ya jiwe moja, asome namba, alinganishe na plani. Tofauti ya mita chache ni ya chombo. Tofauti ya mamia ya mita ni ya kalamu, au ni ya ramani. Nasema ya ramani kwa sababu ramani za zamani za Katanga zilihesabiwa juu ya msingi mwingine kuliko msingi wa setilaiti. Namba za msingi mmoja zikiwekwa juu ya ramani ya msingi wa pili, kila kitu kinahama. Plani nzuri huandika msingi wake.

Tena msichanganye kadasta mbili. Kuna kadasta ya ardhi, na kuna kadasta ya madini, inayoitwa CAMI. Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, hugawa nchi kwa viwanja vya mraba, na kila kiwanja kina karibu hektari 85, kila upande ukizidi mita 900. Mistari yake hufuata digrii za ramani. Haijui mto, haijui kijiji, haijui kaburi. Mtu akiwaonyesha karatasi ya viwanja hivyo na kusema, "Mashamba haya ni yangu," mwambieni: haki ya kutafuta au kuchimba madini ni haki nyingine, na haki ya ardhi ya juu ni nyingine. Kanuni ile yenyewe inamtaka mchimbaji alipe fidia kwa wanaokalia ardhi kwa haki, akiwaondoa au akiwazuia kulima. Na fidia hulipwa kwa mambo yaliyoandikwa. Mwaona tunarudi palepale kwenye orodha.

VI. MKIONA KOSA, FANYENI HIVI

Msing'oe jiwe. Kung'oa jiwe la mpaka ni kosa mbele ya sheria, tena ni ujinga, maana mtu mwenye haki atageuka kuwa mshitakiwa, na mwenye kosa atageuka kuwa mshitaki.

Msitie kidole gumba juu ya karatasi msiyosomewa. Kidole ni sahihi kamili. Hakuna hakimu atakayesikia neno la "sikujua kusoma" kwa urahisi. Karatasi ikiwa kwa Kifaransa, aitwe mwalimu au katekista aisome na kuifasiri mbele ya watu, naye aandike jina lake kuwa ndiye aliyefasiri.

Mkikubali sehemu na kukataa sehemu, andikeni hivyo katika karatasi ileile ya ushahidi wa kupima, kabla ya sahihi: "Mawe ya 1 hadi 4 tunakubali. Jiwe la 5 tunakataa, kwa sababu liko mita 40 ndani ya shamba la fulani, ng'ambo ya kichuguu." Maneno machache yenye namba yana nguvu kuliko makelele ya siku nzima. "Tumeonewa" haisahihishwi na mtu yeyote. "Mita 40" inasahihishwa.

Kisha pelekeni barua kwa mkuu wa kadasta, na nakala kwa konservateri wa vyeti vya ardhi, na nakala kwa mkubwa wa teritware, na nakala kwa chifu. Kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mbaki na moja kijijini. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama neno lililosemwa kwa upepo. Iombwe kazi irudiwe mahali penye kosa tu, wala si yote, maana kurudia yote ni gharama, na gharama huzaa ugomvi mpya.

Na kama mmetazama yote na kuona kazi ni njema, semeni hivyo vilevile. Wekeni sahihi zenu kwa furaha. Mpaka uliotazamwa na majirani wote ni ulinzi kwa mwenye shamba na kwa jirani yake. Watoto wao hawatagombana, maana jibu liko chini, katika jiwe, na juu, katika karatasi, nayo yanasema neno moja.

VII. MAMBO YA KUSHIKA

1. Siku ya kupima, majirani wote wawepo, wazee na wanawake pia.
2. Mpaka utembewe wote kwa miguu, kila jiwe likubaliwe kwa sauti.
3. Mashamba yaliyopumzishwa, visima, na makaburi viandikwe.
4. Pimeni kipimo cha kukatisha, na upande mmoja kwa waya wenu.
5. Ulizeni kazi imefunga kwa kiasi gani.
6. Linganisheni mawe ya porini na mawe ya plani, kwa hesabu na kwa namba.
7. Kosa liandikwe kabla ya sahihi, lenye namba, na barua ipigwe muhuri.
8. Nakala ya kila karatasi ikae kijijini, ndani ya bati lisiloingia maji wala mchwa.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, baada ya mavuno, majani yakiisha kuungua na mawe yakionekana. Mvua ya kwanza isiwakute bado hamjazunguka mpaka wenu.